Kusoma boksi la kamera mpya kabla hujatoa pesa

Boksi la kamera mpya limejaa maandishi, na mengi yake ni ya wasafirishaji na maofisa wa forodha. Lakini upande mmoja, mara nyingi ule mwembamba, kuna lebo ndogo yenye mistari michache inayojibu maswali matatu ambayo kila mnunuzi anapaswa kuyauliza: ndani kuna modeli gani hasa, ilitengenezwa kwa ajili ya soko la nchi gani, na ni kipande kipi kati ya maelfu yaliyotoka kiwandani.

Watu wengi wakiingia dukani wanaogopa kitu kimoja tu, feki. Kamera nzima ya feki ni nadra, kwa sababu ni vigumu kuitengeneza ikafanya kazi. Hasara ninayoiona mara kwa mara ni nyingine: kamera halali, mpya, ya kampuni yenyewe, ila si ya soko letu. Menyu iko kwa Kijapani peke yake, waranti haitambuliki popote karibu, au lenzi iliyomo siyo iliyoandikwa nje. Muuzaji akisema "hii orijino, bosi", anasema kweli, na wewe bado umeumia. Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa kina, hasa kwa vijana wanaonunua kamera ya kwanza ya kazi kwa pesa walizochanga mwaka mzima.

Fuata hatua kwa mpangilio huu ukiwa bado dukani. Unachohitaji ni simu yenye intaneti na kutokuona haya kumwambia muuzaji, "Kaka, nipe dakika chache nisome lebo kwanza." Akikukataza kusoma lebo, ondoka.

Hatua ya 1: Iache picha ya mbele, tafuta lebo

Picha kubwa ya kamera na jina lake vimechapwa kwenye karatasi ya boksi kwa wingi, na mara nyingi boksi lilelile hutumika kwa nchi nyingi. Lebo ndiyo inayobandikwa kwa kila kipande. Juu yake utakuta msimbo wa bidhaa, msimbopau mmoja au miwili, namba ya siriali, na neno la kuonyesha kama ni bodi (kamera yenyewe bila lenzi) peke yake au pamoja na lenzi.

Kabla hujasoma chochote, pitisha ukucha kwenye kingo za lebo. Lebo ya kiwandani imelala bapa na haina nyingine chini yake. Ukihisi tabaka mbili, inamisha boksi kwenye mwanga uone kama kuna maandishi yaliyofunikwa. Stika ya ziada ya wakala au ya shirika la viwango pembeni ya lebo haina tatizo. Stika iliyofunika namba ya siriali au msimbo wa bidhaa ina tatizo kubwa, nawe una haki ya kuuliza chini yake kuna nini.

Usibabaike kwa kukosekana kwa utepe wa kufunga. Maboksi mengi ya Canon na Nikon hutoka kiwandani bila stika ya kuzuia kufunguliwa, kwa hiyo boksi linalofunguka kirahisi halithibitishi kwamba kamera imetumika. Utepe nao hauthibitishi kwamba haijatumika, maana unauzwa kwa roli kama bidhaa nyingine yoyote.

Hatua ya 2: Soma jina la modeli herufi kwa herufi

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu kila kampuni ina lugha yake.

Canon kwa miaka mingi imeziuza kamera zake za bei nafuu kwa majina tofauti kila bara. Ile inayoitwa EOS 250D Ulaya na huku kwetu, Marekani ni EOS Rebel SL3, Japani ni EOS Kiss X10, na sehemu za Asia ni EOS 200D II. Kamera ni moja. EOS 2000D ni Rebel T7 ya Marekani, Kiss X90 ya Japani na 1500D ya India. EOS 4000D ni Rebel T100 na pia 3000D. Kwa hiyo ukiona "Rebel" dukani Nairobi au Dar es Salaam, hujauziwa feki, ila umeshajua kwamba boksi lilipangiwa duka la Marekani. Ukiona "Kiss", lilipangiwa Japani. Muuzaji anayekuambia Rebel T7 ni toleo jipya kuliko 2000D anakudanganya au hajui.

Ukitaka kuhakikisha kwamba majina mawili ni kamera moja, geuza bodi. Chini ya kamera za Canon zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR) kuna namba inayoanza na DS126 ikifuatiwa na tarakimu tatu. Namba hiyo haibadiliki kwa bara: EOS 700D, Rebel T5i na Kiss X7i zote zimeandikwa DS126431. Kwa kamera za R, zisizo na kioo hicho, mambo yamerahisishwa. R6 Mark II ni R6 Mark II karibu kila mahali, ndiyo maana kwa kamera hizo jina halitoshi tena, lazima usome msimbo wa bidhaa. Wa Canon huwa na tarakimu nne, herufi C, kisha tarakimu tatu. Nne za mwanzo zinataja bidhaa, tatu za mwisho zinataja toleo, yaani soko na kama ni bodi tupu au kifurushi. R6 Mark II bodi ya Marekani, kwa mfano, ni 5666C002. Andika msimbo wote mzima kwenye simu utafute; matokeo yatakuonyesha ni maduka ya nchi gani yanayouza kitu chenye msimbo huohuo.

Sony inaonekana ngumu lakini ina mantiki nzuri kuliko wote. ILCE ni kamera ya kubadilisha lenzi yenye mdomo (pale lenzi inapofungwa) wa aina ya E. ILCA ni ile ya zamani ya mdomo wa A. DSC ni kamera ya lenzi isiyotoka, kama DSC-RX100M7. M na tarakimu ni kizazi: ILCE-7M4 ndiyo α7 ya nne. Herufi ya mwisho ndiyo inayobeba pesa yako. ILCE-7M4 bila nyongeza ni bodi tupu. ILCE-7M4K imekuja na lenzi ya 28-70mm. Kwa α6400, ILCE-6400 ni bodi, ILCE-6400L ina lenzi ya 16-50mm, ILCE-6400M ina ya 18-135mm, na ILCE-6400Y ina mbili, 16-50mm na 55-210mm. Baada ya mkwaju (/) huja rangi, B kwa nyeusi na S kwa fedha.

Sasa angalia hili linavyotumika. Muuzaji anakuonyesha boksi la ILCE-6400M na ndani kuna 16-50mm. Lenzi ya 18-135mm ni ghali zaidi, imetolewa ikauzwa peke yake, ukapewa ndogo iliyotoka kwenye boksi lingine. Kinyume chake pia hutokea: boksi ni la ILCE-6400 bila herufi, lakini unaambiwa ni kifurushi cha bodi na lenzi. Lenzi hiyo ilitoka wapi? Pengine iko salama kabisa, ila haina boksi lake, na huenda haina waranti. Bei ya kifurushi kilichovunjwa namna hiyo inapaswa kushuka. Ukijua herufi moja, unayo hoja ya kujadiliana.

Panasonic huweka kila kitu kwenye mstari mmoja, na mfano wake ni mzuri wa kujifunzia. Chukua DC-GX9KEBK. DC ni kamera ya dijitali (za zamani zilianza na DMC). GX9 ni modeli. K ya kwanza inasema ni kifurushi chenye lenzi, kwa GX9 ikiwa 12-32mm. Mahali hapo ingekuwa M, ingekuwa 12-60mm. EB ni soko la Uingereza. K ya mwisho ni rangi nyeusi. K mbili kwenye mstari mmoja, kila moja na kazi yake, na mpangilio ndio unaozitofautisha. Mahali pa EB unaweza kukuta EG ya Ujerumani na Ulaya bara, GN ya Australia na New Zealand, au P ya Marekani.

Kwa Panasonic herufi za soko hazikuwa pambo. Kamera nyingi zake za Ulaya zilikuwa zikikata kurekodi video kwenye dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu forodha ya Umoja wa Ulaya ilitoza ushuru mkubwa zaidi kwa kifaa kinachoweza kurekodi dakika 30 au zaidi mfululizo, kikihesabiwa kuwa kamera ya video. GH4 ya Marekani haikuwa na kikomo hicho, GH4 ya EB ilikuwa nacho. Mpiga video wa harusi au wa mahubiri akichukua toleo la EB bila kujua, atagundua siku ya kazi.

Nikon ni rahisi. Jina limeandikwa kubwa na ni lilelile karibu dunia nzima. Msimbo wake kwa kamera zenye kioo huanza na VBA, kwa kamera za Z huanza na VOA, na kwenye bidhaa za Ulaya huishia na AE. Ukiona K na tarakimu tatu mwishoni, kama K001, ni kifurushi, mara nyingi chenye lenzi.

Hatua ya 3: Tambua boksi lilipangiwa nchi gani

Umeshapata dalili kwenye jina. Sasa kusanya nyingine, maana dalili moja haitoshi.

Anza na lugha za maandishi. Boksi lenye Kiingereza, Kifaransa na Kihispania peke yake huelekea Amerika. Lenye lugha nyingi ndogondogo, kuanzia Kijerumani hadi Kipolandi, ni la Ulaya. Lenye Kiarabu mara nyingi limepitia Mashariki ya Kati, na kwa Afrika Mashariki hilo ni la kawaida, kwani kamera nyingi mpya hutufikia kupitia Dubai, ambako Sony Middle East and Africa ina makao yake Jebel Ali. Lenye Kijapani peke yake lichukulie kwa tahadhari ya pekee.

Nasema tahadhari ya pekee kwa sababu Sony na Panasonic, kwa modeli nyingi wanazouza ndani ya Japani, zimeweka menyu ya Kijapani tu. Hakuna mahali pa kubadilisha lugha, hata ukizunguka menyu usiku kucha. Kijana mmoja alinijia na kamera iliyotoka kwenye duka fulani mjini, akasema, "Mwalimu, nisaidie kutoa hiki Kichina." Hakikuwa Kichina, na hakikuwa na pa kutokea. Alikuwa ameshakariri vitufe kwa kuhesabu mistari: bonyeza mara tatu chini, mara moja kulia. Dawa ya jambo hili ni moja nayo ni ya bure: washa kamera dukani, ingia kwenye mpangilio wa lugha, uone orodha kwa macho yako kabla ya kulipa.

Dalili nyingine ni chaja. Canon hutofautisha kwa herufi moja: LC-E17 ina plagi ya kukunja ya pini bapa, ya Marekani na Japani, na LC-E17E ina waya. LC-E6 na LC-E6E vivyo hivyo. Boksi lililopangiwa nchi zinazotumia plagi ya pini tatu nene, kama Kenya, Tanzania na Uganda, lisingekuja na chaja ya pini bapa. Ukikuta adapta ya bei nafuu imetupiwa ndani, umejibiwa. Umeme wenyewe usikutie wasiwasi; chaja hizi zimeandikwa 100–240V, zinafanya kazi kokote.

Kuhusu waranti: kadi iliyomo ndani inataja nchi au eneo inakotumika. Isome. Canon ina kampuni ya Canon Central and North Africa tangu 2016 kwa ajili ya sehemu kubwa ya bara hili, lakini kadi ya Marekani haiwi kadi ya Afrika kwa sababu tu boksi limevuka bahari. Muuzaji akisema "waranti ni ya dukani", jambo hilo linakubalika, mradi aliandike kwenye risiti pamoja na muda wake.

Hatua ya 4: Msimbopau, na uongo unaoenezwa juu yake

Umeusikia: "Angalia namba za mwanzo za msimbopau utajua imetengenezwa wapi." Si kweli. Tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha kampuni ilisajili namba zake katika ofisi ya GS1, shirika linalogawa namba za misimbopau, ya nchi gani. Kenya ni 616, Tanzania ni 620, China ni 690 hadi 699, Japani ni 450 hadi 459 na 490 hadi 499. Kampuni ya Kijapani inayotengeneza kamera Thailand itaweka namba ya Japani.

Faida yake kwetu iko kwingine. Namba za kampuni kubwa zinajulikana, na zinatofautiana kati ya Japani na Marekani. Canon ya Japani hutumia namba zinazoanza na 4549292, Nikon 4960759, Sony 4548736, Fujifilm 4547410. Kwa Marekani, ambako namba huwa na tarakimu 12, Canon huanza na 013803, Nikon 018208, Sony 027242 na Fujifilm 074101. Programu ya simu ikisoma namba ya Marekani inaweza kuongeza sifuri mbele, usishangae. Kwa hiyo boksi la Nikon lenye 018208 lina dalili kubwa ya kupangiwa Marekani. Ila kinyume chake hakishiki: namba ya 45 au 49 hubandikwa pia kwenye maboksi ya Ulaya, Asia na Afrika, haimaanishi ni la soko la ndani la Japani.

Kuna pia hesabu ndogo ya kukamata lebo iliyochapwa mtaani na mtu aliyejitungia namba. Tarakimu ya kumi na tatu inatokana na kumi na mbili zilizotangulia. Chukua namba ya mfano 4549292132717. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 4+4+2+2+3+7 ni 22. Jumlisha za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 5+9+9+1+2+1 ni 27, zidisha kwa 3 upate 81. Jumla ni 103. Ili kufika kumi kamili inayofuata, 110, inahitajika 7, na 7 ndiyo tarakimu ya mwisho. Isipolingana, lebo ni ya kutunga. Ikilingana haijathibitisha kitu zaidi ya kwamba namba ni sahihi kihesabu. Aliyenakili lebo halisi naye atalingana.

Hatua ya 5: "Made in" na alama nyinginezo

Nchi ya kiwanda imeandikwa kwenye boksi na chini ya bodi, na kazi yako ni kuhakikisha zinakubaliana. Canon hutengeneza kamera zake Japani, katika viwanda kama vya Oita na Nagasaki, na pia Taiwan. Kamera za Nikon nyingi zinatoka Ayutthaya, Thailand, kiwanda kilekile kilichozama kwa mafuriko ya 2011. Sony wako Thailand na China. Fujifilm walitengeneza X100V Japani na X100VI wakaipeleka China. Hizo zote ni kamera halisi. Kulipa zaidi kwa sababu tu boksi limeandikwa Japan ni kupoteza pesa. Kampuni moja hutumia viwango vilevile vya ukaguzi popote kiwanda kilipo.

Alama nyingi zilizobaki ni za sheria za nchi mbalimbali, nazipitia haraka. CE ni tamko la mtengenezaji kwamba kifaa kinatimiza masharti ya Ulaya. Hakuna alama rasmi ya CE yenye maana ya bidhaa za kuuzwa nje kutoka China, hiyo ni hadithi ya mtandaoni. UKCA ni ya Uingereza. FCC kwenye boksi ni tume ya mawasiliano ya Marekani, isichanganywe na Tume ya Ushindani ya Tanzania yenye herufi hizohizo. Pipa la taka lililokatwa msalaba linasema usikitupe na taka za nyumbani, na mstari mnene chini yake unamaanisha kiliingia sokoni baada ya 13 Agosti 2005. Duara lenye mishale na namba kama 10 ndani ni la China: linataja miaka ambayo kemikali zilizomo hazitarajiwi kuvuja katika matumizi ya kawaida. Watu hulisoma kama waranti ya miaka 10. Si waranti.

Alama moja ya kuikumbuka ni UN3481, ambayo inasema ndani kuna betri ya lithiamu pamoja na kifaa. Ukisafiri kwa ndege, nguvu ya betri imeandikwa kwa Wh (wati-saa): LP-E17 ya Canon ni 7.5Wh, NP-FZ100 ya Sony ni 16.4Wh. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni 100Wh, kwa hiyo za kamera zinapita. Betri za akiba zibebe mkononi, usiziweke kwenye begi la kwenda chini.

Hatua ya 6: Linganisha namba za siriali, mahali panne

Hii usiiruke hata kama duka limejaa na muuzaji anakuharakisha. Namba ya siriali iko kwenye lebo ya boksi, iko chini ya bodi (kwa kamera nyingine chini ya skrini inayochomoka au ndani ya mlango wa betri), na mara nyingi iko kwenye kadi ya waranti. Zisome kwa sauti tarakimu kwa tarakimu, mwenzako akifuatilia kwenye boksi. Kwa kifurushi, tafuta pia namba ya lenzi.

Mahali pa nne ni ndani ya picha. Canon na Nikon huandika namba ya siriali kwenye taarifa zilizofichwa katika kila faili. Piga picha moja, ihamishie kwenye simu au kompyuta, uifungue kwa programu ya kusoma taarifa hizo, kama ExifTool ya kompyuta, ambayo ni ya bure. Stika ya chini ya kamera inabadilishika kwa dakika tano. Namba iliyo ndani ya picha inatoka kwenye kumbukumbu ya kamera yenyewe. Nikon iliwahi kutoa onyo kwamba kuna D800 zilizovalishwa vifuniko na jina la D800E ili ziuzwe ghali. Boksi na stika vinaweza kusema lolote, lakini modeli na namba inayosomeka ndani ya faili ni shahidi mgumu kumhonga.

Katika faili hilohilo la Nikon tafuta ShutterCount, idadi ya mara shata ilivyofunguka. Kamera mpya inaweza kuwa na mapigo machache ya majaribio. Ikiwa na mamia au maelfu, imetumika, na boksi jipya halibadilishi hilo.

Lenzi nazo zina lugha yao. Lenzi ya Nikon ambayo namba yake inaanza na US ilipangiwa Marekani. Lenzi za zamani za Canon, za kabla ya mfumo mpya wa namba kuanza karibu 2008, zina msimbo mdogo nyuma: herufi ya kwanza ni kiwanda (U ni Utsunomiya, F ni Fukushima, O ni Oita), ya pili ni mwaka kuanzia A ya 1986, kisha mwezi. UU03 imetoka Utsunomiya Machi 2006. Ukiuziwa lenzi "mpya" yenye UU03, imekaa mahali kwa miaka mingi. Kwa Sigma, tarakimu kama 014 zilizochongwa kwenye lenzi zinataja mwaka modeli ilipozinduliwa, 2014. Hazisemi mwaka kipande chako kilipotengenezwa, kwa hiyo usigombane na muuzaji kwa ajili yake.

Hatua ya 7: Hesabu vilivyomo

Orodha ya vilivyomo imechapwa kwenye boksi au mwanzoni mwa kijitabu. Toa kimoja kimoja, weka mezani: bodi, kifuniko cha mdomo wa lenzi, betri, chaja au waya, mkanda, vitabu. Betri ndiyo inayobadilishwa zaidi. Zile za feki zina herufi zilizochapwa bila ukali na stika ya hologramu iliyofifia au isiyobadilika rangi ukiigeuza. Siku hizi baadhi ya kamera huja bila chaja, zinachajiwa kwa USB, kwa hiyo kabla hujalalamika soma orodha.

Tazama pia mkanda: ukiwa umeshafunguliwa na kukunjwa upya, mtu amewahi kuuvaa. Angalia pini za chuma za betri kama zina mikwaruzo. Kagua mdomo wa lenzi kwa alama za kuzungushwa. Kamera ya maonyesho ya dukani siyo dhambi, na mimi mwenyewe ningeinunua, ila kwa bei ya kamera ya maonyesho.

Hatua ya 8: Risiti na picha za lebo

Mwambie muuzaji aandike kwenye risiti jina kamili la modeli pamoja na herufi zake za mwisho, namba ya siriali ya bodi, ya lenzi, na muda wa waranti. "Kamera Sony, 1" haitakusaidia polisi kamera ikiibwa, wala kwa wakala ikiharibika. Piga picha lebo yote ya boksi na sehemu ya chini ya kamera, ujitumie kwa barua pepe papo hapo.

Usikate lebo kwenye boksi wala kulitupa boksi. Anayekuja kuinunua kwako baadaye atataka kuona namba hizohizo, na ukivuka mpaka na vifaa vya kazi, ofisa wa forodha akikuuliza umeipata wapi, risiti yenye namba ya siriali humaliza maswali upesi.